Moshi Umetoka Jikoni, Joto Limebaki

Tuko Rajabu, Shaabani iko mlangoni, na Ramadhani ya mwaka huu wa 2026 inatarajiwa kuandama katikati ya Februari, In Shaa Allah. Kwa sisi wakazi wa Dar es Salaam hilo lina uzito wake, kwa sababu Februari ni kaskazi tupu. Vijana waliobaleghe juzi huenda hawakumbuki, lakini Ramadhani ya mwaka 2015 iliingia mwezi wa Juni, kusi likivuma, na mtu alikuwa akifuturu huku amejitanda khanga mabegani kwa ubaridi. Kila mwaka mwezi huu mtukufu hurudi nyuma siku kumi au kumi na moja, na sasa umetufikia katika miezi ambayo hata asiyefunga hukitafuta kivuli. Utakuwa humo kwa miaka kadhaa. Ndiyo maana nimeona nizungumze juu ya joto la jikoni, hasa katika nyumba zetu hizi za Chamazi, ambako jiko la gesi limeingia ndani ya nyumba na aliyesimama mbele yake amefungiwa nalo.

Jambo hili lina asili katika mafundisho ya dini yetu. Wamepokea Bukhari na Muslim kutoka kwa Abu Huraira kwamba Mtume (s.a.w.) alimwelekeza yule anayeletewa chakula na mtumishi wake amkalishe wale pamoja, na asipofanya hivyo basi ampe japo tonge moja au mawili. Sababu aliyoitaja ndiyo iliyonishika mimi tangu siku niliyoisikia: kwamba huyo ndiye aliyelibeba joto la chakula hicho na taabu ya kukiandaa. Katika mapokezi ya Muslim umetajwa na moshi pia. Joto na moshi, vyote viwili, vimehesabiwa kuwa ni mzigo uliobebwa na mtu, na mtu huyo amepewa haki kwa ajili yake. Ikiwa mtumishi amehesabiwa hivyo, sijui ni nani atakayesema kuwa mke, mama, binti au mke wa mwana ana haki iliyo pungufu.

Moshi, Alhamdulillah, unaondoka. Mei 2024 Serikali ilizindua Mkakati wa Taifa wa Matumizi ya Nishati Safi ya Kupikia, ambao lengo lake ni kwamba ifikapo mwaka 2034 asilimia 80 ya Watanzania wawe wanapikia nishati safi. Kabla ya hapo taasisi zinazolisha watu zaidi ya 100 zilikuwa zimepewa mpaka mwisho wa Januari 2024 kuachana na kuni na mkaa. Huku kwetu mitungi imeenea kiasi kwamba duka la kubadilishia gesi limekuwa la kawaida kama duka la sukari na unga. Sina neno juu ya hilo. Nimepikia kuni utotoni, nimepikia mkaa miaka ya ndoa yangu karibu yote, na macho yangu yanajua tofauti yake. Ninalolisema ni kwamba yale mawili yaliyotajwa pamoja, moja limetoka na la pili tumelifungia mlango.

Hebu tazama jinsi jiko lilivyohama. Katika nyumba ya Kiswahili ya Kariakoo, Temeke au Magomeni, ile ya vyumba sita na ukumbi katikati, ukipita ukumbi unatokea uani, na huko uani ndiko kulikokuwa na banda la jiko, kisima au bomba, na choo. Moto ulikuwa mbali na vitanda vya watu. Aliyepika aliungua macho kwa moshi lakini mgongo wake ulikuwa upeponi. Walipotoka watu huko mjini kuja pembezoni, wengine kwa kununua kiwanja kidogo kidogo, wengine kama sisi kwa kuondolewa Kurasini kupisha upanuzi wa bandari, tulijenga nyumba za ramani nyingine: sebule, chumba cha wazee chenye choo chake, vyumba vya watoto, na jiko la ndani. Gesi ndiyo iliyowezesha. Huwezi kuwasha mkaa kwenye chumba cha hatua tatu kwa tatu ukabaki salama, ila gesi haina moshi, kwa hiyo ikaonekana kuwa inaweza kukaa popote. Na kweli wezi nao wamechangia, maana sufuria na mtungi ukiviacha uani usiku, asubuhi huvikuti.

Jiko letu liko pembe ya nyuma ya nyumba, upande wa machweo. Ukuta wake mmoja unapigwa na jua tangu saa nane mchana hadi Magharibi. Dirisha lake pekee linatazama kichochoro wanachopita vijana wa mtaa kwenda uwanja wa mpira na kurudi, kwa hiyo lina pazia zito na kwa kawaida hufungwa. Mlango wake unafungukia ukumbini. Juu ni bati lisilo na dari, kwa kuwa fedha za jipsamu ziliishia vyumbani, na bati lenyewe ni lile la rangi nyekundu iliyoiva ambalo kila anayejenga Chamazi hulitaka kwa sababu linapendeza likionekana kutoka barabarani. (Linapendeza, sibishi. Ila jua nalo linalipenda.)

Mwaka jana, katika kumi la kati la Ramadhani, Machi 2025, mke wa mwanangu wa pili alikuwa na mimba ya miezi saba. Rukhsa ya kula alikuwa nayo, na nilimwambia. Akaniambia, “Mama, naona nina nguvu, ngoja nijaribu hizi za katikati.” Jioni ile alikuwa ameweka maharage ya nazi moto mmoja, na moto wa pili alikuwa akikaanga sambusa. Mimi nilikuwa barazani na mihogo yangu. Saa kumi na moja na robo hivi nikasikia kishindo cha kijungujiko kuanguka, kisha kimya. Tulimkuta ameketi sakafuni ameegemea kabati, uso umepauka, ngozi imelowa chepechepe, anatujibu maneno yasiyo na mpangilio. Karai la mafuta lilikuwa bado linachemka juu ya kichwa chake, na mpini wake umetokeza nje ya jiko. Kila nikiukumbuka ule mpini ninasema Alhamdulillah.

Tukazima gesi, tukamtoa barazani, tukamlaza kwa ubavu wa kushoto, tukampa maji yenye chumvi kidogo na sukari, funga yake ikiwa imekwisha kwa dharura. Zahanati walimpima yeye na mtoto, wakasema maji yamempungukia na joto limemzidi, wakamweka kitandani kwa chupa mbili za maji mpaka usiku. Mtoto alizaliwa Mei, salama, na leo anatambaa. Nimesimulia kwa sababu daktari wa zamu alitwambia neno moja tulipokuwa tukiondoka. Alisema katika mwezi ule wanawake wa namna ile huletwa sana jioni, baina ya Alasiri na Magharibi, na familia zote husema ni saumu. “Nendeni mkaliangalie jiko,” akasema.

Mwanangu huyo anafuga kuku wa nyama, na kwenye banda la vifaranga ana kipimajoto. Siku ya pili, mkewe akiwa amelazwa chumbani mbele ya pangaboi, alikileta akakitundika jikoni kwa urefu wa kichwa cha mtu, saa kumi na moja jioni, mioto miwili ikiwaka. Nje kulikuwa nyuzi 33. Jikoni kilisimama kwenye 41. Kifaranga wa siku moja huhitaji nyuzi 32 hadi 35 katika juma lake la kwanza, na mfugaji akiona zimezidi hukimbia kufungua pazia za banda ili wasife. Mwanangu alikitazama kile kipimajoto kwa muda mrefu bila kusema neno.

Kwa nini gesi, ambayo haina moshi, ilete joto kubwa namna hiyo? Sehemu kubwa ya joto la jiko haiingii kwenye chakula. Moto wa gesi huzunguka chini ya sufuria, kisha hupanda pembeni mwake kwenda juu, na ukiufungulia mpaka ndimi zake zikaonekana zikilamba ubavu wa sufuria, ujue hicho unachokilipia ni kupasha hewa ya chumba. Hewa iliyopata moto ni nyepesi, hupanda. Kama juu kuna pa kutokea, itatoka na kuvuta hewa nyingine ya chini iingie. Kama hakuna, hukusanyika chini ya bati, hujaa kuteremka, mpaka ikafika usawa wa kichwa cha mpishi. Jikoni kwetu ukichuchumaa ulikuwa ukihisi nafuu, ukisimama unaingia kwenye tanuri. Na bati lenyewe, likishapigwa na jua mchana kutwa, hutupa joto chini kama kaa lililofunikwa kwa jivu.

Lipo la pili ambalo wengi hawalifikirii, nami sikulijua mpaka nilipoelezwa na mwalimu wa kemia, jirani yetu. Gesi ya mtungi ikiungua hutoa maji. Kila kilo moja ya gesi hutoa mvuke wa maji unaozidi kilo moja na nusu. Mtungi wa kilo 15, mpaka unapoisha, umemwaga chumbani maji ya zaidi ya ndoo ya lita 20, na hapo hujahesabu mvuke wa maharage yenyewe. Mwili wa mwanadamu, hewa inayouzunguka ikiwa na joto kupita ngozi yake, hauna njia nyingine ya kujipoza isipokuwa jasho likauke. Jasho halikauki kwenye hewa iliyokwisha shiba maji. Linachuruzika tu. Mtu anapoteza maji na hapati ubaridi wake, na kama amefunga, maji hayo hayarudishwi mpaka adhana. Mama mjamzito anabeba joto la miili miwili. Hapo ndipo saumu inaposingiziwa.

Baba watoto wangu ni mtu wa heshima na ndiye aliyeijenga nyumba hii kwa kiinua mgongo chake, kwa hiyo nilipomwambia kuwa ukuta utobolewe hakufurahi. “Jiko ni mahali pa moto,” alisema, “litakosaje joto?” Nikamsomea ile hadithi. Akanyamaza kidogo, kisha akaja na hoja yake ya kweli, ambayo haikuwa ya fedha: “Na stara je? Mnataka vijana wa kichochoroni wawaone wake wa wanangu wamefunga khanga kifuani?”

Hoja hiyo siwezi kuidharau, na ninajua nyumba nyingi za Kiislamu huku kwetu zimefunga madirisha ya jiko kwa ajili yake. Mwanamke akiwa kwenye moto hujipunguzia nguo, dirisha likiwa wazi hujitanda, akijitanda huungua, basi hufunga dirisha. Kila hatua ina haki yake na mwisho wake ni nyuzi 41. Ila nimekwenda Lamu mara moja, katika Maulidi, na nikakaa katika nyumba mojawapo ya mawe ya pale mjini. Jiko lao liko juu kabisa, orofa ya mwisho, karibu na mbingu. Moshi na joto vyote vinakwenda zake juu bila kupita chumba cha mtu, na mpishi haonekani na yeyote ila ndege. Wale wazee walikuwa watu wa stara kuliko sisi, wanawake wao hawakuonekana hata kivuli, na bado hawakuona haja ya kumzibia mpishi hewa. Walielewa kwamba jicho la mpita njia husafiri kwa usawa na hewa ya moto husafiri kwenda juu, kwa hiyo tundu likikaa juu ya kichwa cha mtu, hewa hupita na jicho hubaki nje.

Nilimweleza mume wangu hivyo. Akasema, “Basi mwite fundi, lakini nitasimama mwenyewe.”

Fundi alifanya kazi ya siku moja na nusu. Ukuta wa kichochoroni, juu ya linta na chini kidogo ya mbao za paa, alitoa tofali moja moja kwa kuruka, linta yenyewe hakuigusa, akaweka matofali ya matundu, yale wanayoyatia watu kwenye kuta za uzio kwa urembo. Kutoka nje mtu mrefu akisimama kwa ncha za vidole haoni kitu. Kisha ukuta wa uani, ambao hauna mpita njia, alifungua tundu chini, shibiri moja kutoka sakafuni, upana wa tofali mbili, akaweka nondo na wavu. Kutoboa juu peke yake kusingetosha, maana hewa haitoki mahali ambapo nyingine haiingii. Tulibahatika pia kuwa ua wetu uko upande wa mawio, na kaskazi linavuma kutoka kaskazini-mashariki, kwa hiyo katika miezi hii ya joto upepo unaingilia chini uani na kutokea juu kichochoroni kana kwamba umeelekezwa. Kusi likigeuka mambo hupungua kidogo, lakini wakati wa kusi hata dhiki yenyewe hupungua.

Tundu hilo la chini lina faida nyingine iliyo kubwa kuliko ya joto. Gesi ya mtungi ni nzito kuliko hewa. Ikivuja haipandi, hutambaa sakafuni na kujikusanya kama maji yaliyomwagika, ikisubiri cheche. Jiko lenye tundu la chini linaipa pa kutokea. Na hapa niseme juu ya feni, kwa sababu ndilo wazo la kwanza la kila mume aliyeambiwa jikoni kuna joto: ananunua feni ya kusimama na kuielekeza kwenye jiko. Upepo wa feni huulaza moto pembeni, chakula kikachelewa na joto likaongezeka, na ukiwa mkali huuzima kabisa moto uliopunguzwa, gesi ikabaki inatoka. Majiko mengi tunayonunua hayana kifaa cha kujifunga moto ukizimika. Kama ni feni, iwe ile ya ukutani inayotupa hewa nje, nayo iwe juu.

Mtungi tuliutoa nje ukutani, kivulini, ndani ya kijumba cha vyuma chenye kufuli na matundu mengi. Mpira unapita ukutani ndani ya bomba, mfupi, mbali na mgongo wa jiko, kwa kuwa ule wa zamani ulikuwa ukipita nyuma ya karai na ulipofunguliwa tuliukuta umelainika upande mmoja. Kila mtungi ukibadilishwa mwanangu hupaka povu la sabuni kwenye maungio; likitoa mapovu kuna uvujaji. Usiku vali ya mtungi hufungwa. Mtume (s.a.w.) alikataza moto kuachwa ukiwaka majumbani watu wanapolala, na nimewaambia wajukuu kuwa kufunga mtungi ni katika hilo, nao sasa wanagombania nani aende. Wale wenye mtungi mdogo wa kilo 6 ulio na jiko juu yake, wasiuwekee sufuria pana ya pilau ya wageni: huyumba, na joto linalorudi chini linapiga kichwa cha mtungi wenyewe.

Baada ya kazi ya fundi kipimajoto kilitundikwa tena palepale, saa ileile, mioto miwili, na nje nyuzi zilezile 33. Kilisoma 37. Si mahali pa kulala, lakini vichwa vyetu vilijua tofauti kabla ya kile kipimajoto. Nyuzi nyingine tulizipunguza kwa mpangilio wa kazi. Maharage na kunde hulowekwa tangu usiku, na huchemshwa baada ya Sala ya Alfajiri wakati bati bado ni baridi. Jioni hupashwa tu na kutiwa nazi. Sufuria hufunikwa. Moto hupunguzwa mara kinapochemka, kwa kuwa maji yakishachemka hayawi moto zaidi kwa kuongezewa gesi, ni mvuke tu unaozidi. Kukaanga, ambako ndiko kunakochoma uso, kumehamia barazani kwa uani, kwenye jiko dogo lililowekwa juu ya meza ya chuma.

Na kukaanga huko anakaanga mwanangu. Hilo lilileta maneno kidogo mtaani, na shangazi yake mmoja akauliza kama mkewe amemlisha kitu. Bibi Aisha (r.a.) alipoulizwa Mtume (s.a.w.) alikuwa akifanya nini nyumbani kwake, alijibu kuwa alikuwa katika kuwahudumia watu wake, na ukifika wakati wa Sala akitoka kwenda kusali. Mwanangu anakaanga sambusa mpaka saa kumi na mbili na robo, anaoga, anakwenda msikitini. Sambusa zake za kwanza zilifunguka zote mafutani. Za mwisho wa mwezi zilikuwa nzuri kuliko zangu, nami sikumwambia.

Ninazo sababu za kuliandika hili gazetini badala ya kulimaliza darsani. Mwaka huu wote nimesikia wanawake wa huku, Mbande, Msongola, hata Mbagala, wakisema gesi “ina joto” na wamerudi kwenye mkaa, gesi wameiachia chai ya asubuhi na wageni. Wanasema kweli kuhusu joto. Lakini wanapofika jioni wakaingiza jiko la mkaa ukumbini kwa kuogopa mvua au wezi, wanaingiza kitu kibaya zaidi, kwani hewa ya mkaa huua mtu usingizini bila harufu. Tabu yao ilikuwa ukuta na bati, ikabebeshwa mtungi. Na fundi anayejenga leo nyumba ya ndoa ya kijana wa Kiislamu hapa Chamazi bado anachora jiko pembeni, nyuma, machweo, dirisha moja, kwa sababu aliyemlipa hajawahi kusimama humo saa kumi na moja ya Ramadhani. Mkitaka kujenga, waulizeni mama zenu na wake zenu kabla ya msingi kuchimbwa. Wakati huo matundu hayagharimu kitu. Ni tofali ambazo hukuzinunua.

Sharia yenyewe imelitambua joto. Likiwa kali, Mtume (s.a.w.) aliagiza Adhuhuri icheleweshwe mpaka lipungue, na hiyo ni Sala. Nilimwambia mume wangu kuwa kama Sala imesogezwa kwa ajili ya joto, futari ya vitu saba inaweza kuwa ya vitu vitatu. Tumekubaliana juu ya vinne. Kaimati alizikataa kuziacha.

Bado kuna kazi. Wavu wa tundu la chini hushika mafuta na vumbi, na ukiziba hewa haipiti, kwa hiyo lazima uoshwe kwa maji ya moto na sabuni kila mwezi, nasi wiki iliyopita tuliukuta umefungana kama kitambaa. Ukuta wa machweo tumeupandishia mpasheni, ambao umefika nusu na tayari mchana ukigusa nyuma ya majani unakuta ukuta ni baridi kuliko juu yake palipo wazi. Dari ya jipsamu itasubiri. Bati la juu ya jiko mwanangu anataka kulipaka rangi nyeupe, kipande hicho tu, kabla Shaabani haijaisha. Baba yake anasema nyumba itaonekana kama imevaa kiraka. Rangi imeshanunuliwa, iko chini ya kitanda cha wageni, na ngazi tumeazima kwa jirani mpaka Jumapili.